Kikohozi cha Bibi Mafua

Schaerbeek, Brussels
Jumapili, 23 Oktoba 2011

Kwa dada yangu Mwanakombo binti Saidi,
Avenue ya kumi na tatu, Buyenzi, Bujumbura.

Dada yangu, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya yote nakuuliza mguu. Je, uvimbe umepungua? Na ile dawa niliyompa mtoto wa Nassoro akuletee, unaimeza au umeiweka kabatini pamoja na zile za mwaka juzi? Nakujua. Nakuuliza pia hali ya nyumba na ya majirani, na yule jirani wako wa kushoto mwenye redio, kama Mungu amemjalia nyingine au bado ni ileile inayokoroma. Mimi huku ni mzima kama chuma. Daktari wa Woluwe alinipima akasema moyo huu ni wa kijana. Alisema na mengine juu ya goti na sukari, lakini la moyo ndilo lililonipendeza, ndilo nililolishika.

Usishangae mwandiko. Umezoea barua zangu zije zimepigwa kompyuta, zimenyooka kama askari. Hii naiandika kwa mkono wangu, Lina hajaigusa, na nimeanza tangu alfajiri. Herufi nyingine zitalala, nyingine zitasimama, utanisamehe. Elimu yangu unaijua, miaka minne kwa sheikh na miwili kwa mapadri, na hata hiyo nilikuwa wa kwanza darasani ingawa mwalimu hakulitangaza. Lakini kuna maneno mtu hawezi kumpa mjukuu ayaandike.

Sasa nije kwenye jambo. Mwezi wa tisa ulinipigia simu na hasira. Ulisema habari imefika mpaka Buyenzi kwamba huku kuna karatasi inatembea inamtukana Abdul-Aziz. Ukaniamuru nimtafute mwenye kuiandika, kwa sababu hata kama sisi na Abdul-Aziz hatupigiani simu tena, huyo alikuwa mume wa marehemu mdogo wetu Hidaya, na tope likimrukia yeye linatufikia na sisi. Nikakuitikia, ndiyo dada, nitamtafuta.

Bon. Nimempata. Sikwenda mbali. Ni mimi.

Usiitupe barua. Weka mguu juu ya kigoda unisikilize mpaka mwisho, maana hilo silo kubwa lililonifanya nishike kalamu.

Ilianza kwa Lina. Mjukuu wetu huyu anakaa kwangu tangu aingie chuo kikuu, na anasoma mambo ya kale. Mwaka huu wa mwisho anaandika kile wanachokiita mémoire, yaani kitabu kinene kitakachosomwa na walimu watatu tu, halafu unapewa cheti. Kitabu chake kinahusu vigazeti vya Waingereza wa miaka mia tatu iliyopita, vigazeti vya kuwacheka mawaziri na wakubwa. Jioni tukishakula alikuwa ananisomea, Kiingereza anakigeuza Kiswahili palepale, nami nasikiliza huku namenya machungwa.

Dada, hao watu walikuwa na ulimi. Kigazeti chenyewe ni karatasi moja, mbele na nyuma. Kinaletwa kwenye nyumba ya kahawa, anayejua kusoma anakisoma kwa sauti, wengine wanasikiliza na vikombe mkononi, kama sisi zamani ikifika barua kutoka Ujiji. Mwandishi hasemi jina lake. Anabuni mzee fulani au bibi fulani, anampa jina la kuchekesha, huyo ndiye anayesema yote. Waziri naye hatajwi. Inawekwa herufi ya kwanza halafu mstari, na mji mzima unajua ni nani. Au anasema hii si habari ya Uingereza, ni habari ya kisiwa fulani cha wanyama. Wakubwa wakakasirika, wakaweka kodi, kila karatasi ipigwe kwanza muhuri wa serikali. Na mwandishi asipopatikana, wanamkamata mwenye mashine ya kuchapa, wanamsimamisha sokoni, shingo na mikono kwenye ubao wenye matundu, watu wanamtupia mayai yaliyooza. Mimi pale kwenye mayai nilicheka sana.

Nikamwambia Lina kwamba hao Waingereza walijitahidi, lakini kama ningekuwepo mimi wangeacha kalamu wakauze hiyo kahawa. Naye mtoto huyu, mdomo ameurithi kwako, akaniuliza kama nimesahau juzi pale komini, ofisi ya mtaa, nilivyochukua muda kuandika jina langu mpaka yule mama wa dirishani akaniletea kiti. Lile la kiti ni kweli, ila halikuwa la kusemwa. Nikamwambia fungua hiyo kompyuta. Mimi nitasema, wewe utapiga.

Sasa ujue kwamba huku tuna Umoja wetu, watu wote wa Buyenzi tulioko Brussels. Umoja ndio unaozika, ndio unaoozesha, ndio unaompokea mgeni na kumfundisha kupanda tram. Mwenyekiti ni Abdul-Aziz, na si mwenyekiti wa jana. Kiti amekikalia miaka kumi na moja, na kila uchaguzi ukikaribia unaumwa. Mwaka mmoja theluji, mwaka mwingine Ramadhani, mwaka mwingine ufunguo wa ukumbi umepotea. Na nchi yenyewe hii nayo haina serikali. Walipiga kura mwaka jana, na mpaka leo naandika Waflamandi na Wawaloni bado wanabishana nani akae wapi.

Donc, basi, kigazeti nikakiita Kikohozi, kwa sababu kwetu mtu asiyeweza kumkatiza mkubwa hukohoa. Msemaji nikamwita Bibi Mafua. Katika karatasi ya kwanza Bibi Mafua alisema hivi: Ubelgiji haina serikali mwaka na zaidi, na tram zinafika, sisi tuna mwenyekiti miaka kumi na moja, na paa la ukumbi linavuja. Akashauri tubadilishane, Wabelgiji wamchukue Bwana A— wakae naye kidogo, na sisi watupe huko kukosa kwao.

Kuchapa nilichapa kwa Kahambu. Huyu ni mama Mkongo wa Butembo, Mkristo, ana duka la fotokopi na simu karibu na kituo cha tram. Mumewe alifia vitani, watoto wawili anawalea kwa duka hilo. Kadi zetu zote za harusi, matangazo ya misiba, ratiba za Ramadhani, zinatoka kwake. Alisoma ile karatasi akicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa, akaniambia, Papa Burhani, hii muko mnamuchapa mutu bila fimbo. Nikamwambia haijulikani ni nani ameiandika, mimi natumwa tu. Akasema aya, na miye natoa fotokopi tu.

Ijumaa nikaziweka msikitini, kwenye rafu za viatu, katikati ya viatu vya watu. Baada ya swala nikajifanya natafuta kiatu changu. Dada, nilikitafuta kiatu kile muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kutafuta kiatu Ulaya. Watu wamesimama soksi miguuni, mmoja anasoma, wengine wanashikana mabega. Mmoja akasema huyu Bibi Mafua lazima ni mtu aliyekwenda shule. Wa pili akasema si shule tu, huyu ni wa chuo kikuu. Nikafunga kamba ya kiatu polepole nisikie zaidi.

Katika karatasi ya pili Bibi Mafua alisimulia nchi ya ndege, ambako korongo mmoja mwenye tumbo kubwa ametaga juu ya kiti na hawezi kunyanyuka kwa kuogopa mayai yatapoa, na kila akihutubia ndege wenzake anasema, kwa kumalizia, halafu ndipo anaanza. Abdul-Aziz ndivyo alivyo, anamalizia mara tatu. Mkutano uliofuata akasimama, akasoma karatasi zake, akafika kwenye lile neno lake la kwa kumalizia. Nyuma kabisa mtu akakohoa. Akakohoa wa pili. Mara ukumbi mzima unakohoa, wanaume, wanawake, mpaka mtunza ukumbi. Yeye amesimama na karatasi mkononi hajui acheke au akasirike. Na mimi nilikohoa. Nilikohoa kuliko wote.

Ningeishia pale ningekuwa leo na heshima yangu. Lakini unanijua, mimi nikianza kupanda ngazi siulizi kama juu kuna mlango.

Katika karatasi ya tatu nilitaka Bibi Mafua aseme kwamba Bwana A— hubadilisha wake, kiti habadilishi. Lina aliondoa mikono yake kwenye kompyuta. Akasema babu, hii si siasa. Nikamwambia ya siasa anajua nani, mimi niliyeanza kukimbia siasa baba yake hajazaliwa, au yeye anayeisoma vitabuni? Akasema hata hivyo hapigi. Basi nikaiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa mkono huu unaouona. Kahambu aliitazama, safari hii hakucheka. Akaniuliza, Papa, uyu mwenye anakutuma, ana hakika? Nikasema ana hakika.

Ijumaa ile nilitafuta kiatu, hakuna aliyecheka. Watu walisoma wakaziweka chini. Abdul-Aziz alikuja mwenyewe kwenye rafu, akachukua moja, akaisoma, akaikunja mara nne akaitia mfukoni. Akavaa viatu akaenda, na Ijumaa zilizofuata hatukumwona tena.

Na pale ndipo nilipoona upumbavu wangu, ingawa sikumwambia mtu. Kumbe watu waliutazama ule mwandiko wangu, zile herufi kama za mtoto wa darasa la kwanza, wakasema huyu ni msomi mkubwa sana, amebadilisha mwandiko asijulikane. Na msomi mkubwa anayejificha kwa nini anajificha? Lazima ametumwa. Na akitumwa, ametumwa na nani wa Bujumbura, na kwa upande gani? Dada, sisi karatasi isiyo na jina tunaijua. Kwetu tulikuwa tunaiita tract. Ilikuwa ikipita usiku, kesho yake watu wanalala na viatu mguuni, tayari kukimbia. Mimi nimelala hivyo, na wewe pia. Na nikaisahau hiyo kwa sababu ya Waingereza. Ukumbini watu wakaanza kukaa mafungu mafungu. Mama mmoja akamtoa mwanawe kwenye darasa la Kurani, kwa kuwa mwalimu ni wa mtaa fulani. Watoto waliozaliwa huku, wasiojua hata Buyenzi iko wapi, wakakatazwa kucheza pamoja.

Halafu wakamgundua Kahambu. Mashine yake ina mkwaruzo kwenye kioo, kila karatasi inatoka na mstari wa kijivu pembeni, na mtu mmoja wa komite ya Umoja aliuona mstari ule kwenye Kikohozi na kwenye tangazo la msiba wa baba yake. Ikatoka amri, mtu wa Umoja asikanyage duka lile mpaka yule mama amtaje Bibi Mafua. Wengine wakasema Bibi Mafua ni yeye mwenyewe, si ni mwanamke, tena Mkongo, tena mashine anayo. Na sisi ndio wateja wake, dada. Nilipita pale siku ya soko, ambayo kawaida watu wanapanga foleni mpaka nje, nikamkuta amekaa peke yake anapangusa kioo cha mashine kama mtu anayepangusa mtoto mwenye homa. Mwenye nyumba ameshamwambia mwisho wa mwaka, kama mambo ni haya, duka linapata mtu mwingine.

Nikamwuliza kwa nini hanitaji. Akasema, miye mutu akiniletea karatasi naona karatasi, siangalie mutu. Nikianza kuangalia, kesho nani ataniletea barua yake ya talaka? Kisha akaniambia kitu kilichonikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Alisema, Papa Burhani, kwa karatasi uko na kinywa kubwa, lakini ku réunion, mukutano ya watu, njo uko na mafua.

Utaniuliza kwa nini sikusema siku ileile. Nitakujibu kweli. Maisha yangu yote huku nimefagia na kupiga deki hospitali. Nyinyi nimewaambia nilikuwa nasimamia ghorofa mbili, na si uongo kabisa, nilikuwa nazisimamia na fagio. Sasa kwa mara ya kwanza watu wananiita msomi. Hawajui ni mimi, lakini mimi najua. Nilikuwa nikiwasikia kwa kinyozi wakisema huyu Bibi Mafua ana kichwa, narudi nyumbani kifua mbele. Nikijitaja, msomi anakufa, anabaki Burhani wa fagio. Nikasema acha kwanza, mambo yatapoa.

Lina ndiye aliyenivunja. Aliniuliza taratibu, anaosha vyombo, kama nakumbuka ni nani aliyekuwa akisimamishwa sokoni. Nikasema mwenye mashine. Akasema ndiyo, na kuna waandishi waliokuwa wakipita palepale wanamwona amefungwa kwenye ubao, wanaendelea na safari yao. Ameisoma miezi saba na hajui aiandike vipi katika mémoire yake bila kuwachukia. Hakunitaja. Jumapili ile hakula nyumbani, alisema ana kazi maktaba. Maktaba Jumapili imefungwa, hata mimi nalijua hilo.

Mkutano ulikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi huu baada ya adhuhuri. Kahambu aliitwa ajieleze. Alikuja moja kwa moja kutoka kanisani na nguo yake ya ibada, akakaa kiti cha mbele peke yake, mkoba magotini. Abdul-Aziz naye alirudi siku ile. Amekonda shingo. Mkewe Naïma, yule binti wa Nyanza-Lac aliyemwoa baada ya Hidaya, alikaa na wanawake nyuma kabisa, ushungi umeteremka mpaka machoni. Nilimtazama nikakumbuka yale maneno yangu ya kubadilisha wake, na kwa kweli sikumtazama tena.

Abdul-Aziz alisema kwa sauti ndogo kwamba hataki mengi. Yeye kuchekwa amechekwa, si neno. Anataka mama huyu ataje jina tu, ili watu wajue ni nani na ametumwa na nani, hofu iishe. Kahambu akajibu vilevile, kwamba anaona karatasi, haoni mutu. Mtu wa komite akasema basi duka lifungwe, tumemaliza.

Nikasimama. Nikasema Bibi Mafua ni mimi.

Dada, walicheka. Ukumbi ulioshindwa kucheka tangu mwezi wa tisa ukacheka siku hiyo. Mmoja akaniuliza kama na mnara wa Atomium niliujenga mimi. Mwingine akakumbusha watu kwamba si huyu mzee ndiye aliyemfundisha dereva wa mfalme kurudi nyuma na gari. Wakasema mwacheni, ana huruma, anataka kumwokoa mama wa watu. Katibu akaniambia kwa adabu, Mzee Burhani, tafadhali kaa, hili ni jambo la wasomi. Mimi nimesema mengi katika maisha haya ambayo yalikuwa na nyongeza, na watu waliyasikiliza na kutikisa kichwa. Siku niliyosema jambo lisilo na nyongeza hata punje, ndipo nilipoonekana mwongo. Hata Kahambu alikuwa anatazama sakafu mabega yanatikisika, na sijui kama ni kucheka au kulia.

Nimesimama, goti linaniuma, sina cha kuwaonyesha. Ningewaandikia herufi zangu pale ubaoni wangesema namwigiza msomi. Basi nikaacha kusema na ukumbi, nikasema na yeye. Sikumwita mwenyekiti. Nikamwita shemeji.

Nikamwambia, shemeji Abdul-Aziz, humu ndani nani mwingine anaruhusiwa kutaja tumbo lako? Mgeni akilitaja ni tusi. Adui akilitaja ni siasa. Mimi nikilitaja ni haki yangu, ulinipa mwenyewe siku ulipomchukua dada yangu. Nikasema kosa langu si kukucheka. Kosa langu ni kukucheka nimefunika uso. Waingereza walificha jina kwa sababu jina lingewatia gerezani. Kwetu sisi jina ndilo ruhusa. Shemeji akisema ni utani, karatasi ikisema peke yake ni tract.

Watu wakaanza kutazamana. Nikaona hapa nisipoendelea watacheka tena, nikaendelea. Nikawasimulia siku ya harusi yake Buyenzi, alivyokuja na kanzu ya kuazima, fupi, miguu yote nje. Nikawasimulia jinsi wewe Mwanakombo ulivyomfungia mlango ukasema bwana harusi haingii mpaka awike kama jogoo, naye akawika, na sauti ikamkatika katikati, ukamrudisha awike upya. Nikasema mwenyekiti wenu huyu aliwikia mlango wetu mara tatu, na hata kule alisema kwa kumalizia. Sasa nani wa Bujumbura angejua hayo? Kuna chama gani cha siasa kilichokuwa uani kwetu siku hiyo kikimenya vitunguu?

Abdul-Aziz alikuwa ameshika ukingo wa meza. Halafu akasema, na hakuuambia ukumbi, aliniambia mimi, kwamba kama nimeamua kusimulia harusi nisimulie yote, niwaambie ni nani alitumwa barafu siku hiyo na baiskeli, akajisifu hakuna wa kumshinda mbio, akasimama njiani kusimulia watu, akaleta gunia la maji. Akasema, shemeji, wageni wangu walikunywa soda ya moto kwa sababu yako, mpaka leo sijakudai.

Watu wakaanza kucheka, lakini kicheko cha aina nyingine, kile cha zamani. Nikajua wameamini. Mwongo anaweza kubuni gazeti, hawezi kubuni shemeji.

Akanitoza faini, kama ilivyo desturi ya utani. Ya tumbo, ya korongo na ya kiti hakunitoza, alisema hayo ni yangu. Alinitoza ya kubadilisha wake. Alisema pale nilivuka, na nililolivuka si lake peke yake. Nikasema kweli. Faini yenyewe ni kwenda nyumba kwa nyumba, mimi mwenyewe kwa goti hili, niwaambie watu wote wa Umoja kwamba Kahambu hana kosa na warudi dukani. Na kwanza kabisa niende kwa Naïma.

Nimekwenda. Naïma alinikaribisha, akanipa chai, akakaa mbali. Nikamwambia mimi mzee mjinga, na kwamba kwa desturi yetu mwenye kuingia mahali pa Hidaya ni dada yetu, nasi tulipaswa kumwambia hivyo siku ya ndoa yake, hatukumwambia. Akauliza, kama ni dada, je na yeye anaruhusiwa kunicheka. Nikasema ndiyo. Akasema basi masharubu yangu yanafanana na brashi ya choo. Ana kipaji, dada. Utampenda.

Nyumba nyingine zimebaki, hasa zenye ngazi. Wengi wamerudi kwa Kahambu. Familia mbili zimekataa, wanasema hata kama ni utani wao walikosa usingizi, na siwezi kuwalaumu. Mwenye nyumba amesema atasubiri aone. Mimi kila Jumamosi nakaa pale dukani kwenye kiti cha mlangoni nikiita wapita njia, na Kahambu anasema nafukuza wateja kuliko ninavyowaleta. Kiti cha mwenyekiti bado kiko chini ya mwenyekiti. Amesema uchaguzi ni mwezi wa tatu. Nimemwambia tutauona ukiugua. Lina amerudi kula Jumapili.

Sasa nije kwenye lile nililoanzia usiku kulifikiria na asubuhi kuliandika. Dada, haikuwa kiti. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Uchaguzi, paa, miaka kumi na moja, hayo yote yalikuwa kweli, lakini nilijifunika nayo kama mtu anavyojifunika mwavuli jua likiwaka. Tangu Hidaya atutoke, na hasa tangu Abdul-Aziz amwoe Naïma, aliacha kunitukana. Tulikuwa tukikutana lazima aseme neno juu ya masharubu yangu au juu ya mwendo wangu, nami namrudishia. Ghafla akawa ananisalimu kwa mikono miwili. Shikamoo Mzee Burhani. Hujambo Mzee Burhani. Anasimama nipite. Heshima, dada, heshima tupu, kama unavyompa mtu usiyemjua. Kila alivyoniheshimu nilimzika Hidaya upya. Nikatafuta njia ya kumfanya anikasirikie, na sikujua nyingine. Kuna mchana nilikuwa nikikaa hapa jikoni nikisema maneno ya Bibi Mafua na Lina anapiga, nikajikuta nasikiliza, kama shemeji atajibu.

Baada ya mkutano tulikwenda pamoja mpaka kituo cha tram. Ikapita ya kwanza hatukupanda. Akaniambia alidhani ni sisi tuliofunga mlango. Alisema alipomwoa Naïma alingoja simu kutoka Buyenzi, simu ya kumtukana, hata ya kumwita mzee anayependa vitoto, simu yoyote. Haikuja. Akajua basi kwa Mwanakombo ushemeji umekufa pamoja na marehemu, na kama umekufa, yeye ana haki gani ya kunitania mimi? Akaona bora adabu. Halafu akaniuliza hali ya mguu wako. Aliuliza akiangalia reli, kama mtu anayeuliza saa. Nilimwambia umevimba. Alitikisa kichwa, akauliza tena, ni wa kulia au wa kushoto.

Najua kwa nini hukupiga. Na mimi sikumtembelea kwa sababu hiyohiyo. Tuliona akimwoa mwingine tumwache na maisha yake, tukaona hiyo ndiyo heshima. Kumbe wote watatu tumekaa nje ya mlango mmoja, kila mtu anadhani ufunguo uko kwa mwenzake.

Mpigie, dada. Lina atamwambia mtoto wa Nassoro namba ya shemeji. Usimwambie nimekuandikia. Usianze na pole wala hongera, akisikia sauti ya adabu atasimama wima na kukuita Bi Mwanakombo, na mtaishia hapo. Anza na matusi. Pa kuanzia utapajua mwenyewe, mtu yule ana sehemu nyingi.

Nisalimie nyumba yote, mdogo kwa mkubwa, na majirani wa pande zote mbili, hata wa redio. Lina anakubusu mikono. Kahambu, ambaye hujamwona, anasema nikutumie salamu za mwanamke kwa mwanamke na anakupa pole ya kuwa na ndugu kama mimi. Mungu akuponye mguu, atukutanishe tukiwa na meno.

Mimi mdogo wako,
Burhani bin Saidi